Jani la Isale Nililompa Mama Eliakimu

Wiki iliyopita walikuja vijana watatu nyumbani kwangu, wamevaa mashati ya mikono mirefu yaliyopigwa pasi, nikajua mara moja kwamba uchaguzi umekaribia. Walinipa shikamoo zao kwa adabu, wakakaa, wakamsifu ng'ombe wangu hata kabla ya kumwona. Yule msemaji wao akasema, "Mzee, tumekuja kuchota madini. Udiwani wa kata hii umeushika vipindi vitatu. Tunataka utufundishe ile ya isale."

Nilijifanya sijasikia. Nikamwita mke wangu alete chai.

"Ile ya isale, mzee," akarudia. "Iliyokupatia barabara. Mpaka leo watu wanaisimulia, eti ulimaliza mchezo kwa jani moja."

Sikuwajibu siku ile. Niliwaeleza habari za vikao mpaka wakaanza kupiga miayo, wakaaga. Sasa nawaandikia wao, na ninyi wengine mtakaokuja kunywa chai yangu kwa shida hiyo hiyo. Someni mpaka mwisho, halafu mniambie kama bado mnataka kufundishwa.

Kwa wale mliokulia mjini, isale ni ule mmea wa majani marefu ya kijani tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba vyetu, yale mashamba ya nyumbani ya ukoo, na juu ya makaburi. Mtu aliyemkosea mwenzake huchuma jani lake, akaenda nalo kwa aliyekosewa, akalitaja kosa, akaomba radhi. Anayepewa jani hilo hakatai. Wazee walituambia kwamba anayelikataa anajitakia balaa yeye na uzao wake, na katika umri wangu huu wote sijasikia mtu wa rika langu aliyethubutu kulikataa. Mimi nilimpa Mama Eliakimu jani hilo mbele ya kata nzima. Hiyo ndiyo "ile ya isale" mnayoisifia.

Lakini siwezi kuanza na mama kabla ya kumtaja mumewe, maana yeye ndiye aliyenitia kwenye kazi hii.

Nilikuwa karani wa kupokea kahawa kwenye chama chetu cha msingi, kazi ya kusimama na mizani kutwa nzima na kugombana na watu kuhusu mawe yaliyojificha kwenye magunia. Baba Eliakimu alikuwa mwenyekiti wa kijiji, mtu mfupi, wa sauti ya chini, asiyevua kofia yake ila kanisani. Siku moja alinijia pale kwenye mizani. "Wewe mbe," akaniambia, "unajua majina ya watu wote wa kata hii, na unajua nani anaweka mawe kwenye kahawa. Gombea udiwani." Nikacheka. Yeye hakucheka, akasubiri nimalize, kisha akaniuliza tunaanza lini.

Alinifundisha kazi kwa miguu. Tulipanda na kushuka vitongoji vyote, nyumba kwa nyumba, na kila nyumba alikuwa na neno lake la kuninong'oneza kabla hatujapiga hodi. Hapa usikatae mbege, hata ukilowesha midomo tu. Hapa usitaje shule, mtoto wao amefukuzwa juzi. Kwa bibi huyu anza na habari za mbuzi wake, za marehemu mumewe zitakuja zenyewe. Leo mna kundi la kata kwenye simu, mnatumiana picha za maua asubuhi na mnadhani mmeshatembelea watu. Sisi tangazo letu lilisomwa Jumapili baada ya ibada, na aliyekuwa mgonjwa siku hiyo tulimfuata kitandani kwake tukamwambia.

Makosa yangu yalikuwa mengi na mengine yalichekesha watu kwa miaka. Mnada wa pale nje ya kanisa mnaujua, mazao ya sadaka yanapouzwa na mnunuzi mwema akarudisha alichonunua ili kiuzwe tena. Kwenye kampeni yangu ya kwanza nilimnunua jogoo mmoja mara tatu katika Jumapili moja. Watu wakapiga vigelegele, nikawa napunga mkono. Baba Eliakimu akanisogelea, akaninong'oneza, "Kaa chini. Wanamshangilia jogoo."

Msibani ndiko nilikoharibu zaidi. Alishanionya: "Diwani akipewa nafasi ya salamu, anatoa salamu, anakaa. Usiahidi kitu mbele ya jeneza, waliofiwa hawasahau." Niliitika vizuri kabisa. Msiba wa kwanza tu baada ya kuapishwa, nikiwa na suti mpya niliyoshonewa na fundi wa Majengo, nikauona umati ule na ulimi ukaniponyoka, nikaahidi bomba la maji kwenye kitongoji kile. Jumanne asubuhi nilikuta akina mama sita wamekaa kwenye ofisi ya kata na ndoo zao, hawagombani na mtu, wanasubiri maji. Jumatano wakarudi. Bomba lile lilifika katika kipindi changu cha pili, na wawili kati yao walikuwa wameshazikwa. Kwenye misiba yao nilitoa salamu nikakaa.

Na makabrasha, yale makaratasi ya kikao cha baraza, yasomeni nyumbani. Kikao changu cha kwanza nilisimama nikapinga kwa ukali hoja ambayo nilikuwa nimetumwa na kata yangu kuiunga mkono, kwa sababu niliisoma kichwa cha habari tu. Madiwani wenzangu walinipigia makofi kwa ujasiri. Siku hizi mnapewa vishikwambi, karatasi hazipo, lakini naona wengi mnavitumia kutazama mpira.

Sasa barabara. Kutoka kwenye lami mpaka kwetu juu kulikuwa na njia ya miguu tu, na wakati wa masika haikuwa njia, ilikuwa utelezi. Mgonjwa tulimbeba kwa machela mpaka chini, ndipo litafutwe gari la kwenda hospitali ya Mawenzi. Nimebeba wengi. Baba Eliakimu nilimbeba pia. Alianguka shambani kwake mwezi wa nne, mvua inanyesha, tukamlaza kwenye machela wanaume wanne, mimi nimeshika mbele upande wa kushoto. Mara mbili tuliteleza, na mara ya pili nusura tumwangushe kwenye mfereji. Mama Eliakimu alikuwa anatembea nyuma amemfunika mumewe kwa mwavuli, yeye mwenyewe analowa. Kabla hatujafika kwenye lami akasema kwa sauti ya kawaida, "Mwekeni chini, ameshakwenda." Tulimgeuza palepale tukampandisha, na ule mzigo wa kupanda ulikuwa mzito kuliko wa kushuka.

Tulimzika kwenye kihamba chake, chini ya migomba, na mkewe akapanda masale pande zote nne za kaburi. Mimi nilijiapiza kwamba barabara itafika. Niliipigania miaka minane. Nilipitia kila kamati, nilimfuata kila mkurugenzi aliyeletwa, mpaka wengine wakiniona wanashika simu wanajifanya wanaongea.

Siku mpima alipopanda kuja kuweka vigingi vyake, nilijiona mtu mkubwa. Alishinda kutwa anapima, jioni akaniita penye kona ile ya juu ambapo kihamba changu kinapakana na cha Mama Eliakimu. Akanionyesha kwamba kutoka hapo njia zinawezekana mbili. Ya kwanza ilikuwa inapita kwangu, inachukua mistari minne ya kahawa aliyoipanda baba yangu na zizi langu. Ya pili ilikuwa inapita kwa Mama Eliakimu, na ilikuwa inapita juu ya kaburi.

"Kwangu mimi zote ni sawa, Mheshimiwa," akasema. "Nyinyi wenyeji ndio mnaojua."

Nilitazama kahawa ya baba. Ilikuwa imechanua, nyeupe tupu. Nikamwambia apite chini, kwa Mama Eliakimu.

Sikuchukua hata dakika moja kulisema neno hilo. Nimepata miaka mingi ya kutafuta sababu yake, na sababu ni hiyo kahawa na hilo zizi, hakuna nyingine. Kwenye kamati ya maendeleo ya kata niliwaambia wataalamu wametoa njia moja tu. Hakuna aliyeuliza. Baba Eliakimu angeuliza.

Mama Eliakimu alikataa. Nilikwenda kwake na mchungaji, tukakaa jikoni, akatupakulia mtori, akatusikiliza mpaka mwisho.

"Baba Eliakimu hatoki pale," akasema.

"Mama, yeye mwenyewe angeitaka barabara hii," nikamwambia. "Unakumbuka siku ile ya machela."

Akanitazama. "Nakumbuka. Wewe ndiye uliyeteleza."

Mtendaji wa kata alitaka tutumie sheria, aje na polisi, mambo yaishe. Nikamwambia aniachie mimi, namfahamu yule mama. Na kweli nilikuwa namfahamu. Ni mtu wa zamani, mshika mila na mshika Biblia, hawezi kumfanyia mtu jambo ambalo mama yake asingelifanya. Nilijua pa kumshika.

Asubuhi ya mkutano wa hadhara nilichuma jani la isale kwenye mpaka wangu, mpaka huohuo unaotutenganisha mimi na yeye. Nikalifuta umande, nikaliweka ndani ya koti. Uwanja ulijaa. Yeye alikaa mbele na wanawake wa kanisa, amejifunga kitenge cha msiba, na watu walijua amekuja kukataa hadharani. Kabla hajapewa nafasi ya kusema, nilishuka jukwaani, nikaenda mpaka alipokaa, nikapiga goti. Nikatoa jani kwa mikono miwili.

"Mama," nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, "kwa hili tunalotaka kulifanya kwenye nyumba yako, nisamehe."

Mnaona kosa langu? Wazee walikuwapo pale na hawakuliona, au waliliona wakanyamaza. Isale hufuata kosa. Unakosa, unaungama, unalipeleka. Mimi nililitanguliza, nikaomba msamaha wa jambo ambalo lilikuwa halijafanyika na ambalo ningeweza kuacha kulifanya. Na kosa lenyewe sikulitaja. Sikusema kulikuwa na njia ya pili.

Mama Eliakimu aliliangalia lile jani, akaniangalia mimi, akaangalia umati. Mikono yake ilikaa mapajani kwa muda mrefu. Kisha ikanyanyuka, ikalipokea. Watu wakalipuka kwa vigelegele, mtendaji akanikumbatia, na tangu siku hiyo naitwa mwanasiasa.

Kaburi lilihamishwa asubuhi moja, bwana afya yupo, mchungaji anaomba. Mama Eliakimu aliomba kitu kimoja tu, kwamba yale masale ya pembe nne yang'olewe taratibu akayapande kwenye kaburi jipya karibu na nyumba. Nikasema bila shaka. Nilisahau kumwambia dereva wa greda. Nilipomwona mama tena ameinama kwenye kifusi, anaokota vipande vya mizizi anaviweka kwenye kanga, nilijifanya naongea na fundi. Alivipanda. Havikushika hata kimoja.

Barabara ikafika, na siwezi kuwadanganya, ni barabara nzuri. Watoto wamezaliwa hospitali kwa sababu yake. Maziwa yanafika Moshi kabla hayajaganda. Kipindi cha tatu sikupata mpinzani wa maana. Na kila Jumapili mlangoni pa kanisa nilimwamkia Mama Eliakimu, "Shikamoo, mama," naye akaitika, "Marahaba." Alipokea jani, kwa hiyo aliitika. Hakuongeza neno, hakuuliza habari za mke wangu wala za ng'ombe, lakini hakukosa hata Jumapili moja, na mimi nilijiridhisha kwa hiyo marahaba kwamba yamekwisha.

Nilistaafu kwa sababu ya magoti. Halafu mwaka jana mke wangu akashikwa na tumbo ghafla, jirani akatoa gari, tukashuka naye Mawenzi haraka mno, wakampasua, akapona. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu tungempoteza. Siku ya kumrudisha tulipita kwa Mama Eliakimu. Ilikuwa kiangazi, vumbi limetanda, na yeye alikuwa amepiga magoti kwenye kaburi jipya la mumewe, kati ya nyumba na barabara, analipangusa kwa kitambaa. Gari letu likapita, likalimwagia vumbi jingine. Alisubiri litulie, akaanza upya. Mke wangu alikuwa amelala begani kwangu, mzima, na mimi nilishindwa kunyanyua uso.

Nilikaa na jambo hilo wiki nzima. Kisha nikaamua kwenda kumwambia ukweli wote. Nilifika kwenye mpaka, nikanyoosha mkono nichume jani, kama inavyopaswa, na safari hii kosa lilikuwapo la kutaja. Mkono ukasita. Nikiingia na jani atalazimika tena. Nikaurudisha mkono mfukoni nikaenda hivyohivyo.

Alikuwa anachambua maharage barazani. Nilimwamkia, akaitika, akanionyesha kigoda. Nikamwambia. Mpima, kona, njia mbili, kahawa ya baba, zizi. Nikamwambia niliidanganya kamati. Sikulia, maana niliona machozi nayo yangekuwa kumlazimisha.

Akaendelea na maharage yake. "Nilijua," akasema.

"Ulijua lini, mama?"

"Yule mpima alikula kwangu mchana ule. Kijana mzuri, mwenye adabu. Aliniambia, bibi usiogope, kuna njia nyingine kwa jirani yako diwani."

"Kwa hiyo siku ya mkutano..."

"Nilikuja kuyasema hayo mbele ya watu." Akatupa jiwe dogo alilolitoa kwenye maharage. "Ukaniwahi na jani."

Miaka yote ile nilidhani namficha kitu.

"Leo jani liko wapi?" akaniuliza.

"Sikuja nalo, mama. Nimekuja kuomba kwa mdomo tu."

Aliweka ungo chini. Alinitazama vizuri, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya mkutano.

"Aika, mbe," akanishukuru. "Hapo umefanya vizuri. Kwa hiyo leo naweza kukujibu. Sikusamehe."

Alilisema taratibu, bila hasira, kisha akauchukua ungo wake. Nikakaa pale kidogo nikidhani kuna linalofuata. Halikuwapo. Nikaaga, nikarudi kwangu kwa kukatisha kwenye kahawa. Ile mistari minne bado ipo. Haizai sana siku hizi.

Jumapili iliyofuata nilimngoja mlangoni pa kanisa. "Shikamoo, mama." Akapita. Watu walisikia, wakageuka, wakadhani bibi amezeeka masikio yamechoka. Mimi nilijua anasikia vizuri. Zile marahaba zote za miaka ile alikuwa analiitikia jani.

Kwa hiyo vijana, masale yapo pale mpakani, mnayaona mkiingia, wala siwezi kuwazuia kuchuma. Mengine yote nitawafundisha: makabrasha, salamu za msibani, hata jogoo. Hilo la jani msiniulize tena, na msinisifie tena mbele ya mke wangu, ambaye haya yote atayasoma leo kwa mara ya kwanza.

Tangu siku ile sijaacha hata Jumapili moja. Nasimama mlangoni, navua kofia, namwamkia, anapita. Kesho ni Jumapili.